Mgeni Aliyeomba Jembe

Natumaini kazi za leo zimekwisha, mbuzi wamefungwa, na mtoto mmojawapo anakusomea gazeti hili karibu na taa. Mwambie asome polepole, maana leo twaenda mbali.

Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mara nyingi twaitumia methali hii kumcheka mgeni mvivu, yule akaaye barazani akingojea ugali wa wenyewe. Lakini je, umepata kumwona mgeni aliyeomba jembe yeye mwenyewe? Tena mgeni aliyekwisha kuaga na kurudi kwao, akapata sifa na mke na watoto, kisha akafunga mizigo akarudi ugenini kufanya kazi? Nataka kukusimulia habari za mtu wa namna hiyo. Nchi aliyoipenda haikuwa yake. Nchi hiyo ilimpa jina kubwa, na huko huko alifiwa na mkewe na binti yake. Walakini alirudi. Basi tuulizane, mimi nawe, kwa nini alirudi.

MFUGA NYUKI

Jina lake lilikuwa Edmund Hillary. Alizaliwa mwaka 1919 mjini Auckland, katika nchi ya Nyuzilandi, visiwa vilivyo mbali sana upande wa kusini wa bahari ya Pasifiki. Kazi yake ilikuwa kufuga nyuki pamoja na baba yake na ndugu yake. Kwa hiyo usimfikirie bwana wa ofisini mwenye viatu vya kung'aa. Alikuwa mtu wa mizinga, mrefu, mwenye mikono mikubwa, aliyezoea kubeba masanduku mazito ya asali na kuumwa na nyuki.

Mwaka 1951 aliingia Nepali mara ya kwanza. Nepali ni nchi iliyobanwa kati ya India na Uchina. Upande wake wa kaskazini imesimama milima ya Himalaya, mirefu kuliko yote duniani. Kwa miaka mingi watawala wake waliwafungia wageni mlango, na wakati ule ndipo ulipoanza kufunguliwa. Hillary alikuja pamoja na Waingereza waliokuwa wakitafuta njia ya kuupanda mlima Everest kutoka kusini.

Miaka miwili baadaye njia ilipatikana. Tarehe 29 Mei 1953, Hillary na mwenzake Tenzing Norgay walisimama kileleni. Tenzing alikuwa Msherpa, yaani mtu wa kabila la milima hiyo hiyo. Wawili hao walifungana kwa kamba moja, na mmoja bila mwingine asingefika. Everest ni mita 8,848. Mlima wetu Kilimanjaro ni mita 5,895. Basi uchukue Kilimanjaro, uuwekee juu yake mlima mwingine wa karibu mita 3,000, ndipo utapata kimo cha Everest.

Sifa zikaenea dunia nzima. Malkia wa Uingereza akampa Hillary cheo cha heshima. Mfuga nyuki akawa mtu wa kualikwa karamuni. Watu wengi wangetosheka na hayo. Wangetundika picha ukutani na kuwasimulia wajukuu mpaka siku ya kufa. Yeye lakini hakuisahau nchi ile, wala watu waliombebea mizigo.

NJIA YA KWENDA MILIMANI

Kabla sijaendelea, nifuate katika njia yenyewe kama ilivyokuwa miaka ile, ili ujue kurudi kule maana yake nini.

Tunaondoka mji mkuu, Kathmandu, asubuhi. Mbele hakuna barabara ya motokaa, wala kiwanja cha ndege. Tutatembea zaidi ya majuma mawili. Tunaelekea mashariki, lakini mito mikubwa ya nchi hii yatoka kaskazini kwenye theluji na kushuka kusini. Kwa hiyo kila siku tunapanda mgongo wa kilima, tunashuka mpaka mtoni, tunavuka daraja linaloning'inia, kisha tunapanda tena. Ukitazama ramani waona ni karibu. Miguu ndiyo ijuayo ukweli.

Pande zote mbili za njia vilima vimekatwa ngazi ngazi kwa ajili ya mashamba. Ukiwa mtu wa Upare au Uluguru hutashangaa, maana wajua taabu ya kulima penye mteremko. Humo wamepanda mpunga, mahindi na ulezi. Naam, ulezi ule ule wa uji na pombe! Wataalamu wasema asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kwamba zamani za kale ulivuka bahari mpaka Bara Hindi. Kwa hiyo mbegu ya kwetu ilifika Nepali kabla yetu.

Wapagazi watutangulia. Mzigo umo katika kikapu kirefu mgongoni, na kikapu kimeshikwa kwa mkanda upitao juu ya utosi, kama mama wa Kikuyu abebavyo kuni. Mkononi wana fimbo fupi yenye kichwa kipana. Wakichoka, huisimamisha nyuma yao na kuegesha kikapu juu yake, wakapumua bila kukaa chini. Mwaka 1953 wapagazi zaidi ya 350 walibeba mizigo ya safari ile ya Everest. Kumbuka jambo hili kila usomapo kwamba fulani "aliupanda" mlima.

Mwisho tunaufikia mto uitwao Dudh Kosi, maana yake Mto wa Maziwa, kwa kuwa maji yake ni meupe kwa unga wa mawe uliosagwa na barafu. Tunaufuata kwenda kaskazini. Sasa hewa imekuwa nyepesi na kichwa chaanza kugonga. Wenyeji watuambia, "Bistari, bistari," nayo maana yake ni ile ile ya waongozaji wa Kilimanjaro: pole pole. Tunapita Namche, tunapanda saa moja na zaidi, na tazama, kijiji cha Khumjung. Kimo chake ni karibu mita 3,800, kama kambi ya Horombo kule Kilimanjaro. Lakini hapa si kambi. Hapa watu wazaliwa, waoa, walima viazi na kufuga yaki, ng'ombe wale wenye manyoya marefu yafagiayo chini.

Hawa ndio Washerpa. Wazee wao walihama kutoka Tibeti miaka mingi iliyopita, nao wafuata dini ya Buda. Wengi wao huwaita watoto kwa siku waliyozaliwa. Wa Jumatatu ni Dawa, wa Alhamisi ni Phurba, wa Ijumaa ni Pasang. Sisi wenye akina Juma, Hamisi na Jumanne hatuwezi kuwaona wageni kabisa! Mtu akiwasili au akiondoka, humvika shingoni kitambaa cheupe kuwa ni heshima na baraka.

SWALI MOJA

Mwaka 1960 Hillary alirudi na wataalamu waliotaka kujua jinsi mwili wa mtu uishivyo penye hewa haba. Siku moja, wakiwa wameketi na Washerpa, akawauliza jambo ambalo wageni wengi hawaulizi. Aliwauliza: kama angeweza kuwafanyia jambo moja, wangetaka lipi?

Msomaji, fikiri wewe ungejibu nini. Watu wale hawakuwa na barabara, wala daktari, wala taa. Walijibu kwamba wataka shule kwa watoto wao.

Hillary hakuwa na shule mfukoni. Alikuwa na jina tu, jina lile alilolipata mlimani. Basi akalitumia. Akaenda kwa wenye mali akaomba, akazunguka akihutubia watu, kila aendako akieleza habari za watoto wa Khumjung. Mwaka 1961 shule ikafunguliwa, jengo dogo la aluminiamu chini ya mlima mtakatifu wa kijiji. Habari zikaenda haraka kama moto wa nyika. Wazee wa vijiji vingine nao wakaja na maombi yao: na sisi je?

Hapa nataka kusimama kidogo. Mara ngapi vijijini mwetu umeona kisima au mashine ya kusaga iliyoletwa na wageni wenye nia njema, ikaharibika, ikaachwa ifanye kutu? Wengine husema watu wa kijiji ni wavivu. Labda. Lakini mara nyingi sababu ni kwamba hakuna aliyewauliza kwanza. Kitu alichokiomba mtu mwenyewe hukilinda kama ndama wake. Washerpa waliiomba shule, wakabeba mawe, wakabeba mbao, na shule ile yafundisha hata leo.

UWANJA WA KUCHEZA NGOMA

Tangu hapo Hillary akarudi karibu kila mwaka. Mwaka 1963 yeye na wenzake walikuta ugonjwa wa ndui umeingia nchini, wakaacha mambo mengine wakachanja watu. Shule ziliongezeka. Washerpa walimwita jina ambalo kwa Kiswahili ni "Bwana Mkubwa", lakini Bwana Mkubwa huyu alishika nyundo na msumeno pamoja na mafundi.

Mwaka 1964 akafikiri juu ya hospitali. Mbao na mabati na dawa zingefikaje kwa mwendo wa majuma mawili? Ilitakiwa mahali pa kutua ndege ndogo. Kwanza alipenda mahali tambarare karibu na mto, lakini wakulima wakakataa kuyatoa mashamba yao mazuri. Hakuwalazimisha. Wakapata mteremko mbaya mahali paitwapo Lukla, akaununua kwa wenyewe, wakaanza kung'oa vichaka na mawe.

Ardhi ikasawazishwa, lakini ilikuwa laini mno, na mashine ya kushindilia haikuwapo. Unajua walifanyaje? Aliwanunulia Washerpa pombe ya kienyeji, wakashikana mikono mistari mistari wakacheza ngoma yao ya kupiga miguu chini, mpaka uwanja ukawa mgumu! Nadhani hakuna kazi ya barabara iliyopata kufanywa kwa furaha namna ile. Uwanja huo upo mpaka sasa, umewekwa lami, urefu wake ni mita 527 tu, nao umeinama kama paa la nyumba. Ndege hutua ikipanda na huruka ikishuka.

Mwaka 1966 hospitali ikafunguliwa Khunde, kijiji cha jirani na Khumjung. Daktari wa kwanza na mkewe walitoka Nyuzilandi. Huko walikuta jambo ambalo wazee wetu wa nyanda za juu wanalifahamu: rovu. Shingo za watu zilikuwa zimevimba, na vibaya zaidi, watoto wengi walizaliwa viziwi, au wafupi wasiokua, au wenye akili nzito. Watu walidhani ni ajali ya ukoo. Sababu ilikuwa katika udongo na chumvi, ambavyo havikuwa na madini joto ya kutosha. Waganga wakaanza kuwachoma sindano za mafuta yenye madini hayo, na watoto wa namna ile wakaacha kuzaliwa. Mama usomaye habari hii, tazama pakiti ya chumvi jikoni kwako. Ukiona imeandikwa kwamba ina madini joto, ujue si maneno ya kuuzia tu.

Mwaka huo huo Hillary alimleta mkewe, Louise, na watoto wao watatu: Peter, Sarah, na Belinda mdogo. Wakatembea kwa miguu katika nchi ya Washerpa, wakasherehekea Noeli huko milimani. Louise aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo. Tangu hapo nchi ile haikuwa tena ya baba peke yake. Nyumba nzima ilikuwa imeipenda.

SIKU NDEGE ISIYOFIKA

Sasa nafika mahali pagumu.

Mwaka 1975 Hillary alikuwa akijenga hospitali ya pili, mahali paitwapo Phaphlu. Jamaa yake walikuwa wakikaa Kathmandu. Yeye alitangulia kazini. Tarehe 31 Machi, Louise na Belinda walipanda ndege ndogo ili wamfuate. Belinda alikuwa na miaka 16. Ndege ilianguka mara baada ya kuruka, na wote waliokuwamo wakafa.

Kule Phaphlu baba alikuwa akisikiliza mlio wa ndege. Asubuhi ikapita. Mwisho ikaja helikopta, na waliokuwamo hawakuwa mkewe na binti yake. Walikuwa watu wenye habari ya msiba.

Msomaji, wewe uliyepata kuzika mtoto mbali na nyumbani, au uliyempoteza mwenzio safarini, huhitaji nikueleze zaidi. Wajua jinsi jina la mji ule liwezavyo kumchoma mtu hata akilisikia katika redio. Kuna watu ambao hawakupita tena katika barabara fulani maisha yao yote, na hakuna wa kuwalaumu. Hillary naye kama angesema, "Nchi hii siitaki tena, nimeitumikia ikanilipa makaburi," nani angefungua kinywa kumjibu? Baadaye hakuficha kwamba kwa miaka mingi huzuni ilimlemea na furaha ilimtoka kabisa.

Lakini hospitali ya Phaphlu haikuachwa nusu. Ilimalizika. Na mwenyewe alirudi Nepali, akarudi tena, kwa miaka mingine zaidi ya thelathini.

Kwa nini? Simjui moyo wake, nitakuambia ninavyofikiri mimi. Kwao Auckland watu walimjua yule wa kilele cha Everest. Walimpa heshima, lakini heshima haimfariji mfiwa. Kule milimani walikuwapo akina mama waliomwona Belinda alipokuwa mtoto mdogo njiani, na wazee waliokunywa chai na Louise karibu na moto. Walimlilia pamoja naye. Mtu mwenye msiba huenda mahali ambapo jina la marehemu linajulikana. Huenda ndiyo sababu hata sisi husafiri siku nzima katika basi ili kukaa matanga na watu wasiosema lolote, wakikaa tu.

Tena kulikuwa na watoto wengine. Kila asubuhi kengele ya shule ililia Khumjung, na kila siku mgonjwa fulani alipanda njia ya Khunde. Kazi iliyo hai haimngojei mtu amalize kulia. Humshika mkono, ikamwinua polepole. Bistari, bistari.

MGENI HUKOSA PIA

Nisingependa umdhanie kuwa mtu asiyekosea. Ule uwanja wa Lukla uliojengwa kwa ajili ya hospitali ulifungua njia kwa watalii. Miaka ya mwanzo walikuwa wachache sana kwa mwaka. Kabla ya ugonjwa wa korona walikuwa wamezidi elfu hamsini. Washerpa walipata fedha, wakajenga nyumba za wageni. Lakini kila mgeni ataka kupikiwa na kuota moto. Misitu ikakatwa, na takataka zikajaa njiani na kwenye mlima wenyewe.

Hillary aliyaona hayo na kuyasema wazi, hata akajuta kwa sehemu yake mwenyewe. Kisha akafanya la kufanya. Mwaka 1976 sehemu ile ikawekwa kuwa hifadhi ya taifa, iitwayo Sagarmatha kwa jina la Kinepali la Everest, na nchi yake ya Nyuzilandi ikasaidia kuianzisha. Vitalu vya miche vikaanzishwa, watu wakapanda miti upya. Na mwaka 1989, nyumba kuu ya watawa wa Kibuda kule Tengboche ilipoungua, alisaidia kutafuta fedha za kuijenga tena, ingawa haikuwa dini yake. Aliona kwamba moyo wa nchi ile umo humo.

Likuingie na jambo jingine. Mwaka 1961, katika mlima Makalu, alipatwa na kiharusi kidogo kwa sababu ya kimo. Kadiri alivyozeeka, mwili wake ulizidi kukataa hewa ya milimani. Yule aliyesimama juu kuliko watu wote hakuweza tena kukaa kwa usalama katika vijiji alivyovijengea shule! Alifika kwa muda, akaona, akavikwa vitambaa vyeupe mpaka kidevu kikafunikwa, akashushwa chini. Hata hivyo alikuja.

MAVUNO

Utaniuliza, jembe hilo lilizaa nini? Yeye na wenzake walijenga shule zaidi ya ishirini, hospitali mbili, na zahanati, madaraja na mabomba ya maji. Lakini mimi nahesabu watu. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Khumjung alikuwa Mingma Norbu Sherpa. Akasoma mpaka Nyuzilandi, akarudi kuwa mkuu wa hifadhi ile ya Sagarmatha, mlinzi wa misitu ya baba zake. Alikufa kwa ajali ya helikopta mwaka 2006. Mwingine, Kami Temba Sherpa, alianza kuwa msaidizi katika hospitali ya Khunde. Akapelekwa kusoma udaktari Fiji, naye akarudi kuiongoza hospitali ile ile alimoanza. Siku wenyeji waliposhika hospitali yao, nadhani mgeni alikuwa amelima palizi ya mwisho.

Mwaka 2003, miaka hamsini tangu kupandwa kwa Everest, serikali ya Nepali ilimpa Hillary uraia wa heshima. Hakuwa mgeni tena. Mwaka 2007 alikwenda Nepali mara ya mwisho, akiwa na miaka 87. Tarehe 11 Januari 2008 alifariki Auckland. Kule Khumjung Washerpa waliwasha taa za siagi wakamwombolezea kwa desturi yao.

Kazi yenyewe haijaisha, maana milima haitulii. Mwaka 2015 tetemeko la ardhi lilibomoa shule nyingi, zikajengwa tena. Mwezi wa Agosti 2024 maji ya ziwa la barafu yalipasua kingo zake yakakishukia kijiji cha Thame, yakachukua nyumba na shule na zahanati. Barafu yayeyuka haraka siku hizi, nayo yawatia hofu watu wa huko kama ukame unavyotutia hofu sisi. Shukuru nami kwamba mafuriko yale yalikuja mchana, watu wakaweza kukimbia.

NENO LA KUMALIZIA

Basi, msomaji wangu, methali ya jembe tumeigeuza leo. Katika nyumba yako huenda yupo kijana aliyekwenda kufanya kazi mkoa mwingine au nchi nyingine, akapapenda. Au umepata mwalimu au mwuguzi aliyetoka mbali akakaa kigangoni kwenu miaka miwili, akaondoka. Mkimpima, msimpime kwa zawadi alizoleta siku ya kwanza, maana siku ya kwanza kila mtu ni mwema. Ngojeni mwone kama atarudi, hasa baada ya mahali pale kumwumiza.

Na kama wewe ndiwe mgeni wa mahali fulani, fanya kama mfuga nyuki yule. Keti chini na wenyeji, uwaulize wanataka nini, kisha unyamaze usikie jibu. Jibu hilo laweza kukutuma kazi ya maisha yako yote.

Kuna jambo moja la kufanya jioni hii, kabla taa haijazimwa. Waulize watoto: "Mgeni akituuliza leo tunataka kitu gani kimoja katika kijiji chetu, tutamjibu nini?" Msiwasaidie kujibu. Wakisema neno jema, niandikieni.

Kwaherini, tuonane juma lijalo.